Kikohozi cha Baba Mkwe

Watu wakiniuliza gemu yangu iliishia wapi, huwa nawaambia faili liliharibika. Uongo. Faili ni zima, limo humu kwenye laptopu, ukilifungua linaamka vizuri tu. Nilichoharibu mimi ni kikohozi cha mzee mmoja wa njia ya Igogwe, na kikohozi hakina fundi.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda hapa Tukuyu, jirani na kijiwe cha bodaboda: meza moja, taa moja, na bisibisi nilizorithi kwa mjomba. Kuprogramu nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, nikisikiliza Kiingereza cha watu na kukirudisha nyuma, na kukirudisha tena, mpaka sentensi inachoka inajitafsiri yenyewe. Laptopu nimeiokoteza vipande: kioo cha huyu, kibodi ya yule, betri haishiki chaji hata dakika. Mvua ikianza umeme unaaga, na mvua ya Tukuyu nyie wa kwingine hamuijui, basi na mimi naagana na chochote ambacho sijakihifadhi.

Miaka mitatu nilijiita mtengeneza gemu. Jamaa kwenye video anaandika mstari, naandika mstari. Anasema bonyeza hapa, nabonyeza. Mwisho mpira unaruka, na mimi naruka. Nilikuwa na mpira unaoruka, ndege inayotungua ndege, na nyoka anayekula tufaha. Yule nyoka nikamfutia tufaha nikamwekea parachichi, nikajiona mbunifu kuliko wote mkoa wa Mbeya.

Gemu hiyo ya nyoka nikaituma kwenye kundi moja la watengeneza gemu, watu wa Dar na Arusha. Jamaa mmoja mle, mkubwa kwa umri na kwa kazi, akaandika: "Mdogo wangu, hilo ni somo la kwenye video umelipaka rangi. Ya kwako iko wapi?"

Nilimtukana. Hasira zangu mimi ziko karibu, haziendi hata kuvaa viatu. Nikatolewa kundini. Siku ya tatu nikaomba radhi, nikarudishwa. Ila lile swali halikutoka. Nikifungua simu ya mteja naliona mle ndani, kati ya nyaya: ya kwako iko wapi?

Rafiki yangu ndiye alikuwa anachora. Huyu mtu nimekua naye. Darasa la tano niling'olewa jino nikimpigania, na kesho yake nikarudi kupigana tena na pengo langu. Anachora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kioo, na anachokichora kinakuangalia. Analima migomba pamoja na baba yake upande wa Igogwe. Nyumba yake na ya baba yake zimo shamba moja, migomba katikati. Mwaka ule alikuwa ameoa, na mke wake alikuwa na mimba ya kwanza.

Sasa, nyumba ile inashika mwiko wa zamani. Kwa wazee wetu wa Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hamtazami, hamtaji jina, hapiti alipo. Siku hizi wengi wameacha, utawakuta wanakula meza moja na kupiga picha. Mzee yule hajaacha, na ni mzee wa kanisa, wala haoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Kwa hiyo kila akitoka kwake, kabla hajapinda kona ya migomba, anakohoa mara mbili. Koh. Anavuta pumzi. Koh. Halafu anasimama kidogo. Mkamwana akisikia, anaacha alichoshika, anaingia kwenye migomba, anajitanda kanga kichwani, anageuza mgongo. Mzee anapita. Yanaisha.

Niliwahi kumuuliza shemeji, huyo mke wa rafiki yangu, "Hivi hii haikuchoshi?"

"Kwani wewe ukipigiwa honi na lori unachoka kupisha?" akanijibu. "Yeye ananiheshimu, anakohoa. Mimi namheshimu, napisha. Wewe unayeingia bila hodi ndiye unayechosha."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka chini, ule unaonyonya rangi za vitu. Nimekaa kizingitini namngoja rafiki yangu. Shemeji anafagia uwanja, simwoni vizuri, nasikia ufagio tu. Mara: koh. Koh. Ufagio ukanyamaza. Nikaona kanga ikiingia kwenye migomba kama kitu kilichovutwa. Kimya. Kisha gambuti zikaanza kukanyaga tope, polepole, bila mtu. Mzee namjua, nimekula kwake tangu mtoto. Lakini vinyweleo vilinisimama mpaka shingoni. Nikasema moyoni: ndiyo hii. Ya kwangu ndiyo hii.

Gemu ikawa hivi. Msichana kabeba ndizi, anavuka shamba lenye ukungu kwenda sokoni. Humo shambani kuna mtu anatembea. Humwoni kamwe. Ukisikia kikohozi, una sekunde chache za kuingia kwenye migomba na kugeuza mgongo. Ukichungulia, umekwisha.

Rafiki yangu alimchora msichana kwa siku mbili. Akanikabidhi na sharti. "Kikohozi ukohoe wewe mwenyewe. Mzee wangu usimguse."

"Mwanangu, mimi nimguse mzee?"

"Nakujua wewe. Nimesema."

Nikakohoa mwenyewe. Nilikohoa mara thelathini ndani ya kibanda mpaka mama muuza maharage wa jirani akaniletea tangawizi. Bure. Kila nikicheza namsikia fundi simu anakohoa, na hakuna mtu duniani anayejificha kwa sababu fundi simu kakohoa. Basi asubuhi moja nikaiweka simu juu ya ukuta wa jiko lao, nikawasha kurekodi, nikakaa nakunywa chai ya shemeji. Mzee akapita. Koh. Koh. Nikaichukua simu nikaitia mfukoni, nikamwambia rafiki yangu chai ya kwake tamu.

Kwenye laptopu nikakisafisha. Kati ya koh ya kwanza na ya pili palikuwa na ile pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo kama mlango wa zamani. Ilikuwa inachelewesha mchezo. Nikaikata.

Rafiki yangu nikamwambia nimekohoa mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya maishani, na ulitoka laini sana ule uongo.

Mwanzoni kikohozi kilikuja kila baada ya sekunde kumi. Rafiki yangu akacheza mara mbili. Mara ya tatu alikuwa anahesabu kwa sauti, saba, nane, tisa, anajificha huku anapiga miayo. Nikatafuta video ya kunisaidia, hakuna. Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza baba mkwe. Ndipo nikaanza kuandika vya kwangu, kwa kuogopa, kama mtu anayeshuka korongo bila kamba. Nikampa yule mtu wa ukungu hali tatu: anatembea, anasikiliza, anakaribia. Akisikia unakimbia, anabadilisha njia. Ukisimama sana anakohoa mbali, ukidhani ameenda zake anakohoa sikioni. Nikajifunza kuipeleka sauti sikio la kushoto, la kulia, na nyuma ya kichwa. Wiki nzima kosa moja lilinitesa: alikuwa anakohoa akiwa ameshampita mchezaji. Nikalifuata mstari kwa mstari, naandika kwenye daftari kila anachofanya na kwa nini, na siku nilipolikamata sikumwambia mtu. Nikavaa hedifoni, mchana kweupe, nikacheza. Mimi niliyemtengeneza nikashtuka nikaangusha bisibisi.

Hapo nikajua nimevuka. Sikujua nimevukia wapi.

Gemu inahitaji watu wa kuijaribu. Nikawarushia vijana wa kijiweni, simu kama kumi hivi. Haikuchukua siku mbili, wote wakawa wanaicheza.

"Oya fundi, hii kitu noma! Nimejificha mpaka abiria ananitafuta!"

"Muongo huyo, kashikwa mara sita."

"Nimeshikwa kwa sababu simu yangu spika moja! Nitajuaje anatokea wapi?"

"Nunua sikio lingine."

Wakaanza kukoholeana. Mtu akitaka mwenzake ampishe njia, koh koh. Abiria akichelewa kupanda, koh koh. Trafiki akionekana kwa mbali, koh koh, na pikipiki zote zinatoweka. Nilikuwa nacheka kuliko wote.

Siku ya soko shemeji akapita na mkungu kichwani, tumbo limeshaanza kuonekana. Mmoja wa wale vijana alikuwa anacheza, sauti ameipandisha mpaka mwisho. Koh. Koh.

Shemeji akautua mkungu palepale barabarani. Akapita katikati ya pikipiki mbili, akachuchumaa nyuma ya kibanda changu, kanga kichwani, mgongo kwa watu.

Kijiwe kizima kikalipuka. "Jifiche mama, anakuja!" "Usigeuke, umekwisha!" Mwingine alilala kabisa juu ya tangi la pikipiki kwa kucheka.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kabla ya hasira, kilichonijia kwanza ni fahari. Kama sekunde moja hivi. Nilisema moyoni: imefanya kazi. Halafu ndipo nikaruka meza, nikampiga yule mwenye simu, na wawili waliokuja kumtetea, na mmoja aliyekuja kuamua.

Shemeji alisimama akakung'uta kanga. Hakulia. Akanijia mezani, mimi nikiwa natoka damu mdomoni.

"Shemeji, hicho ni kikohozi cha baba."

"Ni cha kwenye gemu tu, shemeji, ni..."

"Nimekisikia leo asubuhi. Nitakisikia nikirudi. Usinifanye mtoto."

Nikajifuta damu mdomoni.

"Kitoe," akasema. "Kitoe kabla sijakizoea."

"Ukikizoea kuna nini?"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mgonjwa asiyejua anaumwa. "Nikikizoea, siku atakapokohoa mwenyewe sitapisha." Akauinua mkungu wake, hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Na mume wangu asijue. Ataua mtu."

Nilianza siku ileile. Nikatengeneza toleo jipya, mahali pa kikohozi nikaweka kengele, nikaongeza na hatua mbili mpya ili wavutiwe nalo. Na hapo kosa la mwanafunzi likaniumbua. Gemu ya simu unaifunga kwa ufunguo wako, kifaili kidogo tu, na ukitaka toleo jipya likae juu ya lile la zamani, ufunguo lazima uwe uleule. Wangu ulipotea siku nilipoisafisha laptopu nzima bila kuweka akiba. Simu zao zikalikataa toleo jipya, zote. Ikabidi nipite simu moja moja, nafuta kwa mkono wangu. Wengine walinipa. Wengine walinikimbia na pikipiki. Wengine walikuwa wameshawarushia wenzao wa Isongole, na wa Isongole wamewarushia wa Mbeya mjini, na wa Mbeya siwajui.

Nikafuta, nikafuta. Halafu mchana mmoja nimekaa kibandani, kijiweni hakuna hata simu moja iliyowashwa, nikasikia: koh, koh. Kwa mdomo. Bila pumzi katikati, vilevile nilivyokikata mimi. Baadaye wakapita watoto wa shule ya msingi, wanasukumana, wanakoholeana, mmoja anajifunika sweta kichwani na kugeuza mgongo, wenzake wanacheka. Watoto wale gemu yenyewe hawajawahi kuiona. Kikohozi kilikuwa kimeshatoka kwenye simu, kinatembea chenyewe mjini.

Na wiki hiyohiyo yule jamaa wa kundini akaandika. Toleo la kwanza lilikuwa limemfikia, sijui kwa njia gani. "Sasa hii ni yako, mdogo wangu. Kuna maonyesho Dar, naweza kukuombea nafasi. Ila kile kikohozi usikiguse. Gemu yote iko pale."

Nilisoma ujumbe ule mpaka nikaujua kwa kichwa. Nikacheza toleo la kengele: limekufa. Mtu yeyote angeweza kulitengeneza, hata yule wa nyoka na parachichi. Nikawa na matoleo mawili kwenye meza moja, na lile la kikohozi sikulifuta. Nilijiambia nalihifadhi tu. Jamaa naye sikumjibu ndiyo wala hapana.

Huku nje nilikuwa namhesabu shemeji. Mara ya kwanza alichuchumaa. Mara ya pili alisimama, akashika kanga. Mara ya tatu aligeuza kichwa tu. Siku ya soko iliyofuata walimkoholea wanne kwa pamoja, na hakupunguza hata mwendo. Kijiweni wakaona utani umeisha ladha, wakarudi kwenye stori zao. Mimi ndiye nilibaki nimesimama na simu ya mtu mkononi.

Kesho yake nikafunga kibanda saa nne asubuhi niende kumwambia rafiki yangu kila kitu. Akiniua aniue. Njiani nikamkuta shemeji anatoka dukani na ndoo, nikampokea ndoo. Manyunyu yalikuwa yanashuka na ukungu juu yake. Watoto wa shule walitufuata kipande kizima cha njia, koh koh, koh koh, wanapotea kwenye ukungu na kutokea tena. Shemeji alikuwa anatembea kwa shida, mkono mmoja kiunoni.

"Leo namwambia," nikasema.

"Umechelewa," akasema. "Lakini mwambie."

Tukaingia kwenye migomba. Watoto sikuwasikia tena. Nikadhani wamerudi.

Koh.

Halafu nikasikia pumzi. Ndefu, yenye mkwaruzo, kama mlango wa zamani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua maana ya pumzi ile pale, kwa sababu ni mimi niliyekaa siku mbili nikiikata. Nikafungua mdomo nimwambie, ni yeye, pisha.

Koh.

Shemeji alikuwa ameshageuka. "Kohoeni!" akapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kohoeni mpaka mfe!"

Mzee alikuwa hatua tano nyuma yetu. Gambuti, koti la mvua, kofia ya kanisani. Alikuwa ameshakohoa, ameshasimama kidogo kama kawaida yake, ameshaamini amepishwa.

Wakatazamana. Mwaka mzima wanaishi shamba moja, na shemeji ndiyo kwanza anauona uso ule, na maneno yale bado yamo hewani. Mzee alivua kofia, akajifunika nayo usoni, akageuka yeye, akarudi alikotoka. Hatua zake zilisikika muda mrefu. Shemeji akakaa chini kwenye tope, mikono yote miwili juu ya tumbo, na akawa anarudia kitu kimoja kwa sauti ndogo, "Nimemlaani. Nimemlaani baba."

Wazee walikaa kikao. Mimi sikuitwa, mimi ni nani. Nilichosikia ni kwamba hakuna aliyemkemea shemeji, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Bibi mmoja wa ukoo alisema mwiko umevunjika, jambo limeshaingia, mtoto aliyemo tumboni naye ameliona, na lisipofungwa vizuri mtoto hatakaa. Shemeji akarudishwa kwao angoje. Alikwenda na mfuko mmoja, rafiki yangu akimsindikiza mbele, na njia nzima hakugeuka nyuma kwa sauti yoyote.

Nilimwambia rafiki yangu siku ileile aliporudi. Alikuwa anachambua mbegu za viazi alizopewa Isongole kwa wakwe zake, aliendelea kuchambua mpaka nimemaliza.

"Ulisema ulikohoa mwenyewe," akasema.

"Nipige."

"Sikupigi."

"Nipige, kaka. Nakuomba."

"Ukipigwa utajisikia vizuri," akasema. "Kaa hivyohivyo."

Nimepigwa na watu wengi. Hakuna aliyeniumiza namna ile. Akanyanyuka akasema, "Kuna mtu mwingine wa kumwambia," akanipeleka kwa baba yake akaniacha mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Malahaba. Kalibu, keti." Kiswahili cha mzee kina Kinyakyusa ndani yake, herufi r haipiti. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza katikati, nikalia kidogo, nikakasirika kwa sababu nimelia. Mzee akanisubiri mpaka nikatulia.

"Umekileta?"

"Nini, baba?"

"Kikohozi changu. Nikisikie."

Nikafungua laptopu, nikamvalisha hedifoni mwenyewe, nikamchezea. Alifumba macho. Nilikuwa naona kwenye kioo mahali alipo yule mtu wa ukungu, nikajua sasa yuko kushoto, sasa yuko nyuma, na mzee kichwa chake kikimfuata. Kisha akavua.

"Huyu mtu ni mbaya?"

"Ni wa kwenye mchezo tu, baba."

"Nauliza, ni mbaya?"

"Ndiyo, baba. Wanamwogopa."

Alinirudishia hedifoni, ameukunja vizuri waya wake. "Mimi nilikuwa nakohoa ili asiogope," akasema. Akanishukuru kwa kuja, ndaga, kama vile nimemletea dawa.

Jioni ile nikamwandikia jamaa wa kundini kwamba faili limeharibika. Akaniandikia maneno ya kunipa pole, mengi, ya kweli kabisa. Nilitaka kumtukana tena na sikuwa na sababu.

Wazee walimaliza walichokuwa wanafunga, kwa maombi na kwa mengine ambayo si yangu kuyasema. Rafiki yangu akaenda kumchukua mke wake. Akarudi peke yake. Tulikuwa watatu uwanjani kwa mzee, mimi nimeitwa kushika ngazi ya paa.

"Amekubali kurudi," rafiki yangu akamwambia baba yake. "Moyo wake ni mweupe. Ila anauliza kitu kimoja na mimi sina jibu. Anauliza, baba akikohoa, atajuaje ni baba?"

Nikatafuta la kusema. Filimbi, nikawaza. Kengele. Honi. Kila nilichokiwaza nikakisikia hapohapo kijiweni, kwenye midomo ya watu, kabla hata sijakitamka. Rafiki yangu alikuwa anaangalia chini. Mzee alikuwa anapima ukingo wa kofia kwa vidole.

"Mwambie sitakohoa tena," akasema. "Apite tu. Nitajificha mimi."

"Baba, na magoti hayo..."

"Nimesema apite."

Shemeji akarudi. Rafiki yangu na mimi tunaongea, tunasalimiana, tunasaidiana kazi, kuchora hachori. Mimi bado naprogramu, siku hizi sifuati video ya mtu, na nikimaliza kitu kinakaa humu humu.

Juzi nilikuwa napeleka simu ya rafiki yangu niliyoibadilisha kioo. Asubuhi, manyunyu, ukungu uleule. Nikafika penye kona ya migomba nikamwona mzee kabla hajaniona. Alikuwa amechuchumaa kati ya migomba miwili, mgongo kwa njia, koti limelowa mpaka limebadilika rangi, gambuti zimezama. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Hana wa kumkoholea, lazima akisie shemeji atapita wakati gani, na shemeji siku hizi anatembea polepole, miezi yake imekaribia. Mvua za wiki tatu mfululizo zinamkuta humo.

Shemeji akatokea na ndoo. Nikasimama nisikanyage jani.

Kikamjia. Nilikiona kabla ya kukisikia, mabega yalipanda yenyewe. Si kile cha kumwita mtu. Hiki kilikuwa kinatoka chini, kifuani, kikohozi cha ugonjwa. Mzee akavua kofia akaibana mdomoni kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa shina la mgomba, na mgomba mzima ukaanza kutikisika, majani yakadondosha maji.

Shemeji alisimama. Aliyatazama majani yale yanayotikisika bila upepo. Akaihamishia ndoo mkono mwingine, akaendelea. Alipokwisha kumezwa na ukungu, mzee bado alikuwa ameziba mdomo.